Mtaa Ulioitwa Pori

Fundi cherehani alikuwa akishona sare za shule. Mguu ulikanyaga pedali, sikio lilimsikiliza kitinda mimba wake, aliyelala kwenye mkeka chini ya meza. Mtoto alikuwa ametoka zahanati jana. Malaria tena. Alikuwa hajapona sawasawa ile ya kwanza, ikaja nyingine. Muuguzi alikuwa amesema damu yake imepungua sana. Akiugua tena karibuni, hali itakuwa mbaya.

Juu ya bati kulikuwa na maboga. Mume wake, mpasua mbao, ndiye aliyeyapandisha. Mtaa mzima ulifanya hivyo, kwa sababu bati liliwachoma mchana kutwa. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa na dari. Hapa walikuwa na majani.

Asubuhi hiyo gari la wapuliza dawa ya mbu lilifika. Likapuliza nyumba zote za ng'ambo. Kisha likageuka.

Fundi alitupa mkasi mezani, akatoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Ninyi! Mbona mnaondoka? Na sisi je?"

Msimamizi wao akatazama simu. "Mama, huku kwenu hakuna nyumba."

"Hakuna nini?"

"Ramani inaonyesha pori. Na dawa tunapewa kwa hesabu ya nyumba zilizo kwenye ramani. Ijumaa tunahamia kwingine."

"Pori! Mimi unaniona swala?"

Vijana ndani ya gari wakacheka. Gari likaondoka.

Nani asingekasirika? Waomba kura waliuona mtaa huo bila darubini. Waliingia hadi uani, wakabeba na watoto. Dawa ya mbu tu ndiyo haikuuona! Inatia uchungu, nasema wazi.

Jioni wifi yake alikuja kumjulia hali mtoto. Wifi huyu, dada wa mpasua mbao, alikuwa msoma mita za maji. Siku za mapumziko alijitolea katika kikundi cha kuchora ramani.

"Wifi, ramani yenu imenitukana," fundi alisema hata kabla ya kumkaribisha.

"Haya, nigombeze nikiwa nimekaa."

Aliposikia habari yote, alifungua simu. "Hii ni picha iliyopigwa kutoka angani. Watu wa kujitolea wanaitazama. Wengine wako mbali kabisa. Wakiona paa, wanalichora. Wapuliza dawa wanatumia ramani hiyo kujua waende wapi."

"Sasa paa langu liko wapi?"

Wifi akaonyesha. Kijani kitupu.

Mpasua mbao akainama kutazama. "Ni maboga yangu," akasema polepole. "Wameona majani."

"Kumbe mwanangu anaumwa kwa sababu ya maboga yako!"

"Usimwonee kaka yangu," wifi akasema. "Yeye alikimbia joto. Kosa ni letu tuliochora tukaridhika. Baada ya picha, lazima mtu atembee kwa miguu aangalie. Huku hakuna aliyekuja."

"Hata wewe? Kila wiki unakula hapa!"

Wifi akaweka simu chini. "Hata mimi. Nilipangiwa upande mwingine, sikuuliza."

"Basi nitayakata," mpasua mbao akasema.

"Usiyakate. Picha mpya itachelewa, na mtoto hawezi kusubiri. Kesho tutembee."

Wakatembea, na majirani wachache pamoja nao. Wifi aliwafundisha. Simama mlangoni, bonyeza alama ya nyumba kwenye simu, nenda mlango unaofuata. Mashimo ya udongo wa matofali yaliyojaa maji nayo waliyatia alama, maana humo ndimo mbu walimozaliana.

Fundi viatu, mzee mkali, alikataa. "Mkimaliza kuchora watakuja kutubomolea."

"Hatuandiki jina la mtu, babu," wifi akamweleza. "Ni nyumba tu."

"Na wabomoaji hawasubiri ramani," fundi cherehani akadakia. "Dawa ndiyo inayosubiri!"

Mzee aliguna, kisha akafungua mlango.

Alhamisi fundi alimwekea msimamizi simu mbele ya macho. Pale palipokuwa na kijani, sasa palijaa nyumba. Msimamizi aliitazama sana. Akapiga simu kwa wakubwa wake, akaomba dawa ya nyumba zilizoongezeka. Ijumaa gari halikuhama.

Watu walitoa vyombo nje, kuta zikapulizwa.

"Mbu akishauma hupenda kutua ukutani," msimamizi aliwaeleza. "Akitua hapa, anakufa. Msioshe ukuta wala kuupaka rangi. Chandarua endeleeni kulalia kila usiku. Homa ikija, nendeni mkapime haraka."

Wiki hiyohiyo mpasua mbao na wenzake walifukia mashimo.

Mvua zilizofuata, mtoto alipata homa. Fundi alimkimbiza zahanati. Wakampima. Mafua. Mafua tu! Mama alicheka na kulia palepale kwenye benchi.

Baadaye kulikuwa na mkutano wa mtaa. Msimamizi alishika kipaza sauti, akatabasamu. "Tunawapongeza wananchi wa hapa kwa kujitokeza."

Watu wakapiga makofi. Fundi hakupiga. Alisimama, mtoto mgongoni.

"Hatukujitokeza," akasema. "Tulikuwepo."