Kasuku Ambaye Studio Ilikataa Kumuua

Mama Léocadie wa mtaa wa Mulongwe, kando ya ziwa, anaapa, mkono juu ya kifua, kwamba yule kasuku wa filamu ni mlozi, mchawi kabisa.

Anasimulia hivi. Jumamosi moja alikuwa kwenye nyumba ya video ya Papa Mathieu, anatazama Bwana Radi ya nne. Bwana Radi, yule mtu anayeruka angani na kitambaa mgongoni, alikuwa amekaa juu ya paa akiwaza. Kasuku wake akafungua mdomo: "Samaki wanane! Jiwe jeusi! Kengele ya pili!" Watu wakazomea kama kawaida yao. Kesho yake, Mama Léocadie akielekea misa ya pili, akaona mtumbwi wa mota umefunga kwenye lile jiwe jeusi la ufukweni Kalundu. Wanaume wanashusha masanduku. Akahesabu.

Manane.

"Manane, mwanangu! Na ule ndege ulikuwa umeshasema!"

Amandine, jirani yake, alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akaacha kucheka.

Wiki ileile ya masanduku, watu wenye bunduki mpya walichoma nyumba kumi na moja kule Bwegera, kwenye uwanda wa Ruzizi. Nyumba ya kumi na mbili, ambayo hawakuifikia, ilikuwa ya mama mzazi wa Amandine, Bernardine. Waliondoka wakisema watarudi kumalizia wakati wa mavuno. Bernardine alikataa kuhama. Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa manjano, na yeye hakuwa mtu wa kuwaachia ndege.

Amandine akavuta beseni lake la ndagala. Chini ya wale samaki wadogo wakavu, ndani ya nailoni, kulikuwa na redio ya Motorola na bastola ya Makarov.

Kwa majirani alikuwa muuza ndagala. Kwa Ofisi ya upelelezi alikuwa Mukeke.

"Mukeke kwa Kituo."

"Sema." Sauti ya mkubwa wake, Chef Sévère. Kavu.

"Nimeona njia ya waleta bunduki ya kupashana habari. Ni filamu."

"Asubuhi umekunywa nini, Mukeke?"

"Chai, Chef."

"Haya. Fuata."

Simu za kuvuka ziwa zilikuwa zinasikilizwa. Barua zilifunguliwa kwenye kila bariyeri ya askari barabarani. Lakini askari gani angepekua filamu ya mtu anayeruka?

Siku ya Ijumaa alimtafuta Hyacinthe, kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Prezida. Yeye ndiye aliyeongoza washabiki wa Bwana Radi. Kila filamu ilipoisha, aliandika malalamiko yao kwenye daftari la shule, akalituma kwa boti hadi Bujumbura, kwa Studio Mbalamwezi iliyotengeneza zile filamu.

"Prezida, Studio inawasikiliza kweli?"

"Inatusikiliza? Inatuogopa!" Hyacinthe akaweka wembe chini. "Kitambaa kilikuwa kijani, tukasema hapana, wakaleta chekundu. Sauti ya Radi ilikuwa kama ya mutu mwenye mafua, wakatafuta mwingine. Mu ya tatu wakamuua. Weye ulikuwa hapa? Watu walilia, wakavunja mabao ya kukalia! Tukapeleka alama za vidole mia mbili. Mu ya nne akatoka mu ziwa, muzima kabisa!"

"Na kasuku?"

Uso wa Prezida ukakunjamana.

"Ule kuku? Tumeandika mara tatu wamutoe. Hakuna anayemupenda. Mara tatu! Anarudi, tena amenenepa."

Amandine akashukuru, akaenda zake polepole.

Studio inayoogopa washabiki mpaka inafufua maiti, inashindwaje kutoa kasuku?

Kuna mtu mwingine anayemhitaji. Na mtu huyo anakaa kwenye mabao ya Papa Mathieu.

Lakini nani? Papa Mathieu mwenyewe? Prezida, mwenye daftari linalovuka ziwa kila mwezi? Aliwachunguza wote wawili jioni ile, akiuza ndagala, na hakumwondoa hata mmoja.

Kwa Papa Mathieu kulikuwa na desturi. Watazamaji wakipiga mabao kwa miguu na kusema "Ruka!", ilibidi aruke kile kipande. Asiporuka, kesho hana watu. Hivyo Jumamosi, kabla ya saa tisa, Amandine alimnong'oneza Prezida mlangoni.

"Leo kasuku akifungua mdomo, mupige mabao. Asisikike hata neno moja."

"Dada, hiyo iko furaha, si kazi."

Jenereta ikanguruma. Televisheni ya Sony ikawaka. Bwana Radi ya tano.

Watu walijaa mpaka dirishani. Amandine alisimama kwenye kona na beseni lake. Hakutazama filamu. Alitazama nyuso.

Bwana Radi akatua juu ya paa. Kasuku akatikisa mabawa.

Mabao yakalia kama mvua ya mawe.

"Ruka! Ruka! Muchinje huyo kuku!"

Mtu mmoja akasimama safu ya mbele. Suruali yenye mkunjo, miwani ya Ray-Ban hata ndani ya giza. Frédéric, muuza mafuta ya mazutu wa Kalundu.

"Mukae kimya! Mumuache aseme!"

Nyumba nzima ikamgeukia.

"Eh, Papa Frédéric! Iko shemeji yako?"

"Wakati wa arusi utualike!"

Vicheko vikapasuka. Papa Mathieu akaruka kipande. Frédéric akakaa, shingo imekakamaa.

Filamu tano, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumtetea kasuku.

Watu walipotoka, Frédéric alibaki. Amandine akainama kwenye ukumbi wa nje, akaokota ndagala ambao alikuwa amewamwaga mwenyewe.

"Papa Mathieu," Frédéric akasema ndani, "rudisha kile kipande. Nitazame minye peke yangu."

"Cha kasuku? Unamutakia nini, Papa?"

"Rudisha."

Sauti ya ndege ikapenya ukutani. "Samaki ishirini! Mto mkavu! Kengele ya kwanza!"

Masanduku ishirini. Kesho, misa ya kwanza. Lakini mito mikavu iko mingi kwenye ukingo ule. Ni upi?

Frédéric akatoka haraka. Amandine akamfuata kwa mwendo wa mtu anayetafuta wanunuzi. Hatua hamsini nyuma. Kisha ishirini. Nyuma ya bohari lake la mazutu, Frédéric akasimamisha antena ya simu ya setilaiti ya Thuraya.

Amandine akajibana kwenye mapipa. Akasubiri. Kusubiri ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

"Kesho. Ile korongo ya nyuma ya bohari ya chumvi. Ndiyo, malori mawili. Kutoka pale, Bwegera moja kwa moja. Safari hii isibaki nyumba."

Akakata simu. Akageuka.

"Weye! Unatafuta nini huku?"

Mkono wake ukashuka kiunoni. Ukachelewa. Makarov ilikuwa imeshatoka kwenye beseni, na ndagala mmoja amening'inia kwenye mtutu.

"Mikono juu, Papa Frédéric."

"Weye iko nani?"

"Mushabiki."

Frédéric akatabasamu. "Nipeleke kwa wakubwa wako. Kabla jua halijazama, watakuwa wamenifungulia."

Huenda alidanganya. Huenda hakudanganya. Amandine hakumpeleka Ofisini. Alimpeleka kwa Prezida.

"Huyu ndiye anayefanya Studio wamuache kasuku."

Washabiki kumi na wawili wakamfungia chumbani kwa Papa Mathieu, wakamketisha mbele ya televisheni, wakaanzia Bwana Radi ya kwanza.

Motorola ikakoroma.

"Kituo kwa Mukeke. Nipe mahali pa kushushia."

"Kesho, Chef. Kengele ikilia."

"Ninataka sasa."

"Betri inaisha, Chef."

Akazima.

Jumapili, kengele ya kwanza ilipolia, aliita boti ya doria ya Luteni Placide, mtu wa jeshi, si wa Ofisi, kabla ya kumwita Chef Sévère. Mtumbwi ulikuwa ukiingia kwenye mdomo wa korongo, mota ya Yamaha imepunguzwa mpaka inanong'ona. Boti ya Placide ikaziba ziwa. Askari wake wakaziba barabara. Dereva mmoja alifyatua risasi mbili, akaona yuko peke yake, akatupa bunduki.

Masanduku ishirini, yameandikwa "Sabuni". Placide akavunja la kwanza. Kalashnikov, bado zina grisi. Washabiki wakamkabidhi Frédéric kwake.

Hakuna lori lililofika Bwegera.

Jumatatu, ng'ambo, askari wa Bujumbura walifunga Studio Mbalamwezi. Mwenye studio alisema mambo ya Radi yote waliamua washabiki. Kasuku peke yake ndiye aliyewekwa na watu waliomletea kamera.

Jumanne asubuhi Amandine alikuwa anavuka barabara kuu, beseni tupu kwapani, pikapu ya kwenda uwandani, kwa mama yake, inamsubiri. Hyacinthe akaja mbio, povu la sabuni bado mikononi.

"Dada Amandine! Weye unajua wakubwa, tumeona. Utuombee wafungue ile Studio. Tunataka Bwana Radi ya sita. Hata kasuku wamuache, tutamuvumilia! Watuletee tu. Utatuombea?"

Amandine akatupa beseni nyuma ya pikapu, akapanda, akagonga paa mara mbili.

Gari likaondoka.

"Dada! Utatuombea?"