Saruji Ndani ya Injini ya Flavian

"Ulezi umeanikwa," redio ya Motorola ilikoroma.

Maana yake Flavian, mlanguzi waliyemwinda, ameondoka.

Ngeleja alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaiacha Namanyere nyuma, ikaishika njia ya Kipili. Mbele, Subaru ya bluu ilikuwa nukta tu, na butini mwake mmejaa viwashio vya mabomu. Boti ilimsubiri Flavian ziwani. Akipanda, basi tena! Angeondoka na siri ya mahali alipomfukia Enock.

Enock alikuwa jasusi mwenzake Ngeleja. Mwaka mzima mama yake, Bertila wa Chanji, hana kaburi la kupalilia. Na mwaka mzima Ngeleja anamsikia marehemu akikohoa kiti cha pembeni.

Alikohoa hata sasa.

Ngeleja hakugeuka. Aliogopa, tusidanganyane.

"Anakuacha!" Edith, mkuu wake, alifoka redioni. "Na usimuue. Namtaka akiwa anapumua."

"Mwache akimbie, mkuu."

Jeuri hiyo aliitoa gereji, kule Majengo, alikojifanya fundi. Flavian mwenyewe alimpelekea Subaru.

"Niimarishie bloku. Nataka injini ya mashindano, isipasuke nikiikimbiza."

Haya! Ngeleja akamimina saruji maalumu kwenye njia za maji ya kupoza injini, ili kuta za silinda zisitikisike. Akafika nusu, akasita makusudi.

"Nikiongeza, maji yatabaki kidogo, bosi."

"Baridi yote hii ya Ufipa, gari lichemkie wapi? Jaza!"

Akajaza.

Lakini Kipili si Ufipa. Barabara iliteremka, joto la ziwa likawapokea. Mvuke mweupe ukafumka mbele. Subaru ikajikokota, ikazima.

Ngeleja akashuka, Glock mkononi. Flavian alitoka mikono juu, jasho likimtiririka.

"Fundi! Ni wewe?"

"Ni mimi. Enock yuko wapi?"

Kidole kilimwasha. Risasi moja tu, Mungu wangu! Lakini angemuua na kaburi pamoja.

Flavian alilitazama tundu la bastola.

"Chala. Shimo la kokoto, upande wa mikaratusi."

Ngeleja akamtia pingu, akawaachia askari waliofika nyuma yake. Akaenda zake taratibu, simu sikioni.

"Shikamoo, mama Bertila."

"Marahaba, baba. Umemwona mwanangu?"

"Amepatikana. Mwite katekista, mama. Tunazika."