Kuta za Yeriko Zaanguka Uani

Mama Pilipili alikuwa fundi cherehani. Siku za kazi alishona sare na mapazia. Jumapili alifundisha watoto kanisani, katika chumba cha nyuma. Kati ya chumba hicho na ukumbi wa ibada palikuwa na ukuta mwembamba wa mbao.

Jumapili moja aliwasomea habari za Yoshua, sura nzima. Alisoma vizuri, lakini watoto hawakuwa naye. Mmoja alisinzia. Wawili walipigana mateke chini ya benchi. Wengine walicheka.

"Nyamazeni!" alisema. Walinyamaza kidogo, kisha wakaanza upya.

Mlango ukafunguliwa. Mzee wa kanisa akaingiza kichwa.

"Mama, mchungaji hasikiki," alisema. "Jumapili ijayo nikisikia kelele tena wakati wa ibada, darasa hili tutalifunga. Watoto watakaa na wazazi wao."

Njiani kurudi nyumbani, binti yake Pilipili alikuwa kimya. Si kawaida yake. Mdomo wa mtoto huyo haukujua likizo.

"Una nini, mwanangu?"

"Mama, Jumapili ijayo nibaki na baba. Kule kazi yetu ni kunyamazishwa tu."

Maneno hayo yalimchoma mama kuliko sindano.

Jioni jirani yake, Mama Pacha, alikuja kuchukua mapazia yake. Yeye alikuwa mwalimu wa chekechea.

"Jirani, kulikoni? Mbona uso umekunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi?"

Mama Pilipili akamweleza yote. "Watoto wale hawana adabu," alimaliza.

"Adabu wanayo. Hawana kazi," Mama Pacha alisema. "Unasoma wewe, unauliza wewe, unajibu wewe. Wao umewaachia nini? Benchi."

Mama Pilipili akacheka bila kupenda. "Sasa nifanyeje?"

"Mtoto hujifunza kwa macho, kwa mikono na kwa miguu pia. Hebu niambie, hadithi yako ina nini ndani?"

"Ina mji wenye kuta. Watu wanauzunguka kimya. Mwisho wanapiga tarumbeta, wanapaza sauti, kuta zinaanguka."

"Watu wanatembea, wanapiga tarumbeta, halafu wewe umewakalisha!"

"Lakini dada, nisije nikaligeuza Neno la Mungu kuwa mchezo."

"Umesema kweli. Kwa hiyo isome kwanza wewe mwenyewe, uielewe. Usiongeze yasiyoandikwa. Wakimaliza kuigiza, waulize: ungekuwa wewe, ungehisi nini? Kisha usiwajibie. Wasikilize."

"Na yule mwenye haya?"

"Usimsukume mbele. Achore, au atengeneze tarumbeta. Naye yumo."

Baba Pilipili alifanya kazi katika bohari. Siku iliyofuata aliomba maboksi matupu, mepesi, yasiyoweza kumuumiza mtoto. Alirudi ameyafunga kwa kamba.

"Pokeeni," alisema akihema. "Mji mzima nimeubeba kichwani."

Mama Pilipili alimwendea mzee wa kanisa. Alimwomba ruhusa ya kutumia uwanja wa nyuma.

"Na kelele, mama?"

"Zitakuwapo, mzee. Ila baada ya ibada, na kwa wakati wake."

Mzee aliguna, lakini akakubali.

Jumapili ikafika. Pilipili alikuja shingo upande. Alipoona maboksi, akavua viatu akaanza kazi. Watoto walijenga kuta na kuchora madirisha. Walikunja karatasi ngumu zikawa tarumbeta. Msichana mmoja, ambaye siku zote alijificha nyuma ya wenzake, alipewa kipande cha kitambaa chekundu. Akakifunga dirishani, kiwe kamba ya Rahabu, mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi wa Yoshua. Kila mtu alikuwa na kazi. Ibada ikaendelea, mchungaji akasikika mpaka mlangoni.

Watu walipotoka, waliwakuta watoto wakizunguka Yeriko. Hakuna aliyesema neno. Pilipili alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Wazazi walitazamana. Hawakuwahi kuwaona watoto wao kimya namna ile.

Mzunguko wa saba ulipokwisha, Mama Pilipili akainua mkono. Tarumbeta zikalia. Watoto wakapaza sauti kwa nguvu zao zote. Watoto wawili waliojificha nyuma ya maboksi wakavuta kamba waliyoyafungia, na kuta zikaporomoka. Uwanja mzima ulishangilia. Mzee wa kanisa naye alipiga kelele mpaka miwani ikamteleza puani.

"Nani ameangusha kuta?" mzee aliuliza.

"Mungu!" Pilipili alijibu. "Watu walitii tu."

Mama Pilipili akauliza, "Mlihisi nini mlipokuwa mnazunguka?"

Akasubiri. Hakujibu kwa niaba yao. Kisha yule msichana mwenye haya akasema polepole, "Mimi niliogopa kuchekwa. Lakini niliendelea."

Mama yake, aliyekuwa kando, akaweka mkono kifuani. Hakuwahi kumsikia akisema mbele ya watu.

"Darasa hili halifungwi," mzee alisema. "Tena litafutiwe chumba kikubwa zaidi. Jumapili ijayo mna nini?"

"Daudi na Goliathi!" watoto wakaitikia.

Mzee akajinyoosha. Alikuwa mrefu kuliko wote pale.

"Goliathi mmempata?"

Watoto wakamtazama juu mpaka chini.

"Babu," Pilipili aliuliza, "kuanguka utaweza?"

"Nitaanguka vizuri, mjukuu wangu," alisema mzee. "Kuanzia leo nafanya mazoezi."