Kidole Gumba Ndani ya Plastiki

Sarafu ilikuwa na alama ya kidole gumba, jambo lisilowezekana. Fundi saa alizinunua sarafu zake tano za platinamu zikiwa zimefungwa kiwandani ndani ya vikasha vya plastiki, na tangu hapo hakuna aliyezigusa. Hata vikasha vyenyewe alivishika kwa glavu.

"Iliyoshikwashikwa siichukui kwa bei hiyo," sonara alimwambia, akimrudishia.

Na wiki hiyo ndiyo mkewe alikuwa afanyiwe upasuaji wa macho. Fundi alifika nyumbani akisaga meno.

"Ni wewe umezichokoa?"

"Baba watoto, mimi mlango wenyewe siuoni, nitaona sarafu?"

Alizifungia kwenye droo, akakaa kando yake akiilinda. Mchana kweupe akasikia plastiki ikialika mle ndani, tak, harufu ya nywele zilizoungua ikamjia, na alipofungua akakuta nne zina alama, na ya tano, akiikodolea macho bila kupepesa, ikaanza kufifia taratibu katikati, kana kwamba mtu anaikandamiza kutokea upande wa pili, mpaka alama ya kidole ikatokea yote, pana, haina hata mstari mmoja.

Mganga alipoitwa hakukubali hata kuketi.

"Kitu kisichoguswa na mwenyewe hupata mwenyewe mwingine," alinong'ona. "Vunja plastiki, uzisugue zote kwa viganja vyako. Ukibakiza moja, umembakizia nyumba."

"Zikisuguliwa bei inaanguka, mzee."

"Basi kamuuzie yeye."

Fundi alivunja, akasugua, machozi ya hasira yakimtoka. Miaka yote ya kujinyima ilikuwa inachafuka mikononi mwake. Alisugua nne. Ya tano, ikiwa bado ndani ya plastiki yake, aliisukumia chini ya mto wa mkewe. Ng'ombe mzima kamla, mkia ukamshinda.

Zile nne sonara alizichukua kwa bei ya kutupa, zikatosha upasuaji kwa shida.

Siku ya kufunguliwa bandeji, mkewe alitabasamu, kisha akakwepesha kichwa.

"Naona, baba watoto. Nakuona vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Ila mwambie huyo aondoe kidole chake jichoni mwangu."

Chumbani walikuwamo wao wawili na daktari, naye daktari alikuwa mbali, ananawa mikono. Fundi alikimbia hadi nyumbani, akainua mto. Sarafu ya tano ilikuwa safi, haina alama yoyote, ya kuuzwa kwa bei kamili.