Mwamba Uliolia Kama Debe

"Kasuba, umeshawasha moto?"

"Vyungu vyote vinachemka. Una njaa, bwana harusi?"

Ng'andu hakucheka. Kwenye simu nilisikia anatembea, anageuka, anatembea tena.

"Jana nimegonga paa la kule chini mgodini kwa mtaimbo," alisema. "Linalia kama debe tupu."

Mwiko ukanisimama mkononi. Mwamba mzima hulia kama kengele. Unaolia kama debe umeshaachia ndani, unangoja kuanguka. Hapa Mufulira, mji wetu wa mgodi, hata watoto wanalijua hilo. Kaka yangu Mwila aliangukiwa na mwamba mgodini humohumo.

"Baba umemwambia?"

Baba ndiye msimamizi wa zamu yao.

"Nimemwambia. Kasema ninyamaze, watatengeneza mwezi ujao. Nikimpigia mkaguzi wa serikali, baba yako watamfukuza kazi. Na mimi hicho chakula sitakionja."

Kwetu mkwe hali cha ukweni mpaka siku anapopikiwa na kupelekewa kwao. Tunaita kumwonyesha moto. Siku yenyewe ilikuwa hiyo.

"Unataka niamue mimi?"

"Nataka kujua kama utanichukia."

Simu ikakatika.

"Bibi harusi, koroga!" Shangazi Bwalya alinipigia kelele. "Au utampelekea mwenzio makaa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikakoroga. Nikakaa, nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Ujumbe ukaingia: *Zamu inashuka saa nane. Nijibu, mpenzi.*

Niliandika neno moja: *Piga.*

Kisha nikamfuata Baba uani. Alikuwa anapiga viatu rangi.

"Baba, Ng'andu anampigia mkaguzi. Mimi ndiye niliyemwambia apige."

Brashi ikasimama.

"Zimeni moto!" alifoka. "Hakitoki chungu hapa!"

Nyimbo zikakatika. Mama akaja mbio.

"Baba Mwila, kuna nini?"

"Mwanao ananiuza."

"Simuuzi mtu. Baba, lile paa wewe ungekaa chini yake?"

Akachovya brashi kwenye rangi.

"Na la Mwila, lilikuwa linaliaje?"

Sijui swali lile lilitoka wapi. Baba aliiweka brashi chini.

"Kama debe," alisema. "Nilisikia. Nikasema tutatengeneza kesho."

Mama alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na kitenge chake kipya. Hakulia.

"Basi kesho yenyewe ndiyo hii," alisema.

Baba akavaa viatu, kimoja kinang'aa, kingine bado. Akaninyang'anya simu.

"Ng'andu. Umeshapiga?"

"Ndiyo kwanza nataka kupiga, baba. Unisamehe, lakini..."

"Usipige."

Nikanyoosha mkono niichukue simu, akanigeuzia mgongo.

"Nitapiga mimi. Ukipiga wewe watasema ni kijana mwoga. Nenda kasimame getini, mtu asishuke mpaka nifike."

Hakushuka mtu. Mkaguzi alikuja, akagonga mwenyewe, akafunga sehemu ile. Wiki hiyohiyo paa lilianguka, chini yake hamna mtu. Baba alivuliwa usimamizi, na wapo wazee wa mgodini ambao mpaka leo hawamsalimii.

Lakini jioni ile alirudi na vumbi lake, akapita katikati ya wanawake, akainua chungu cha kuku.

"Kaka!" Shangazi alishtuka. "Tangu lini mwanamume akabeba chungu cha moto?"

"Nibebe kipi, jeneza? Hilo nimeshabeba. Shika njia, imba."

Shangazi akaimba. Tulitembea nyuma ya Baba mpaka kwa kina Ng'andu. Mwenyewe alikuwa amekaa mkekani, macho chini, hajui kama anapokea chakula au matusi. Baba akatua chungu mbele yake, akafunua kifuniko kwa mkono wake.

"Kula, mwanangu," alisema.

Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu tumzike Mwila.