Kete ya Mgeni

Rubab aliiacha kete ile barazani, akazima kompyuta, akaenda jikoni kukaanga chapati. Aliporudi na sahani yake na kuwasha tena, kete ilikuwa imeingia koridoni. Hakushtuka sana. Alidhani ni mkono wake mwenyewe, maana mkono wa mtu anayejifunza kitu kipya hugusa kila mahali.

Alikuwa anajifunza meza. Nasema meza, lakini ilikuwa programu ya kompyuta ya kuchezea ile michezo ya hadithi: mmoja anasimulia, wengine kila mtu na mhusika wake wanasema wanafanya nini, na dadu ndizo zinazoamua kama wamefaulu au wameumbuka. Zamani meza yao ilikuwa ya mbao, hapa hapa Multan, sebuleni kwa baba yake Rubab. Walicheza watatu, yeye, Asfand na Shahwar, tangu walipokuwa chuoni. Kisha yakatokea yanayotokea kwetu siku hizi, mwenye cheti anaondoka. Asfand akaenda Toronto, Shahwar akaolewa Melbourne, Rubab akabaki kumuuguza baba. Baba naye akafariki mwaka jana wakati wa joto, na nyumba nzima ikamwelemea mtu mmoja.

Alikuwa mpweke, sina namna nyingine ya kulisema. Kuna asubuhi alimshika muuza maziwa kwa maneno mpaka maskini wa Mungu akaanza kurudi nyuma na baiskeli yake.

Asfand ndiye aliyemtia wazo. "Dada, meza ipo mtandaoni. Unaweka ramani, unaweka kete, kila mtu anacheza kutoka kwake. Kwako Jumapili asubuhi, kwangu bado Jumamosi usiku, kwa Shahwar ni wakati mtoto amelala. Usinitafutie sababu."

"Mimi hata televisheni inanishinda."

"Mjomba wangu anacheza, na mjomba wangu anaongea na rimoti. Anza na mahali unapopajua. Chora nyumba yenu, sisi wenyewe tumeimisi."

Akachora. Alichora kuta, milango, ngazi ya kwenda darini, kila kitu ndani ya miraba, kisha akaifunika ramani yote kwa ukungu kama programu ilivyomwelekeza. Ukungu huo hufunguka tu pale kete inapopita, ili mchezaji asione chumba kabla hajakiingia. Akamwekea Asfand shujaa wake mwenye shoka, Shahwar tabibu wake, na yeye mwenyewe akajiwekea kete ya mwenye nyumba, sebuleni, mraba ule ule alipokuwa ameketi. Chumba cha baba alikichora kuta tupu. Kitanda hakuweza kukichora, mkono ulikataa.

Halafu akaweka kete ya Mgeni, na hapa ndipo penye hadithi. Kwenye ile meza ya mbao kulikuwa na mhusika asiye na mwenyewe. Akija binamu, akija jirani kuomba barafu, anaambiwa keti, mchukue Mgeni, cheza. Kwetu Multan humwachi mtu amesimama mlangoni wakati watu wanakula, na wao waliona ni aibu ile ile kumwacha amesimama wakati watu wanacheza. Na kila zamu ilipozunguka, hata kiti kikiwa kitupu, msimulizi alikiuliza kwa adabu: "Mgeni, unafanya nini?" Wananyamaza kidogo, wanaendelea. Ulianza kama utani, ukawa mila yao. Kwa hiyo pale programu ilipouliza nani anaruhusiwa kuisogeza kete hii, Rubab hakufikiri mara mbili. Alichagua: yeyote.

Jumapili ya kwanza walicheka mpaka Shahwar akatishia kuzima maiki asimwamshe mtoto. Zamu ikafika.

"Mgeni, unafanya nini?" Rubab aliuliza.

Wakanyamaza, kama zamani. Kwenye ramani, kete ya Mgeni ikasogea mraba mmoja.

"Asfand, acha utoto," Shahwar alisema.

"Wallahi si mimi. Rubab, umeacha mlango wazi wewe. Kuna kitoto huko Brazili kinatembea ndani ya nyumba yenu."

"Basi kiache kicheze," Rubab alisema. Kusema kweli alifurahi. Meza ilikuwa imepata mtu wa nne.

Baada ya mchezo Asfand alimwongoza akafunga kila njia, ikawa hakuna awezaye kuingia ila wao watatu. Lakini siku zilizofuata, kila alipowasha, Mgeni alikuwa pengine na ukungu umefunguka zaidi: jikoni, ngazi, mlango wa darini. Na nyumba nayo ikaanza kujibu. Mchana, jua likiwa limesimama wima, saa ambayo bibi zetu walitukataza kukaa chini ya miti mikubwa, alisikia kandambili zikiburuzwa ngazini, taratibu, na mtu asiye na haraka. Akaitazama ramani. Mgeni alikuwa kwenye ngazi.

Wewe ungekimbilia kwa majirani. Mimi pia ningekimbia, viatu mkononi. Rubab alikaa pale pale, akauliza kwa sauti ndogo, "Mgeni, unafanya nini?" Dadu zikajirusha zenyewe kwenye kioo, zikatua, namba kubwa kuliko zote. Akacheka peke yake sebuleni, na hakuwa amecheka ndani ya nyumba ile siku isiyo Jumapili tangu mazishi. Ikawa desturi. Akimaliza kufua anawasha, anauliza, anajibiwa. Alikuwa akiogopa, lakini aliogopa kama mtu anayeogopa akiwa na mwenzake.

Siku moja akakuta ukungu umefunguka chumba cha baba. Ndani ya zile kuta tupu palikuwa na kitanda, upande ule ule wa dirisha, na kimeza cha dawa, na kiti ambacho yeye alikuwa akilala ameketi usiku wa mwisho. Hakuvichora yeye. Alikigusa kioo kwa kidole, akalia sana. Hakumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Januari, nje haoni mtu hata geti lake kwa ukungu, na hita ya gesi ilikuwa ikipumua kwa taabu miguuni pake. Walianza vizuri. Asfand aliupiga mlango wa jikoni shoka bila sababu, Shahwar akamtukana. Zamu ya kiti kitupu ikafika, Rubab akauliza, na Mgeni akatoka chumba cha baba.

"Huyo tena," Asfand alinong'ona. "Ulisema umefunga."

"Nimefunga."

Kete ilipita mraba mmoja, ikatulia, ikapita mwingine, na kila iliposogea Rubab aliisikia koridoni nyuma yake ile kandambili ikiburuzwa na kutulia, kisha ikamfikia harufu ya majani ya khas yaliyoloweshwa, yale ya kipoza hewa cha baba ambacho kilikuwa kimevishwa gunia tangu Oktoba na hakina tone la maji ndani yake, harufu ya kiangazi ikija katikati ya baridi, ikazidi, ikamjaa puani na kooni, na kete ikavuka mlango wa sebule, ikazunguka meza upande wa kulia, ikaja ikasimama mraba ulio ubavuni kabisa mwa kete ya mwenye nyumba, na kiti cha kulia kwake, kiti cha kweli cha mbao kisichokaliwa na mtu, kikasogea nyuma kwenye sakafu.

"Rubab," Shahwar alisema polepole. "Nani anapumua hapo?"

"Ni mimi."

"Wewe umezuia pumzi, nakuona kwenye kamera. Nani anapumua?"

Hakuthubutu kugeuka. Asfand alikuwa akisoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya mtu aliyeisahau katikati na kurudi mwanzo. Shahwar alikuwa analia.

"Nisikilize, mpenzi," Shahwar alisema. "Mimi nina mtoto chumba cha pili. Mwite Bi Hajira. Nyumba isiposafishwa, kwenye meza hiyo sitaketi tena."

"Hata mimi, dada," Asfand alisema. "Nisamehe."

Ndiyo hivyo. Achague wenzake walio mbali au huyu aliye karibu. Rubab alikaa siku nzima akilitafakari, na kiti cha kulia kikiwa vile vile kimesogezwa. Kesho yake akampigia Bi Hajira simu.

Bi Hajira huwasomea watoto walioshtuka na mabibi harusi wasiolala. Ni mnene, magoti yanamuuma, na haanzi kazi kabla ya chai yenye sukari ya kutosha kumlaza ng'ombe. Alikunywa, akaisikiliza habari yote ya ramani na kete bila kushangaa, akauliza, "Nani alimkaribisha?"

"Mimi."

"Kwa jina gani?"

"Mgeni."

"Jina zuri. Ungemwita mwizi angeona haya kuingia."

Rubab aliuliza lile lililokuwa likimchoma. "Bi Hajira, si baba?"

"Baba yako yuko kwa Mola wake, mwache apumzike. Huyu amekaa darini miaka, hana habari na mtu. Wewe umemfungulia milango, ukamchorea na njia. Kile chumba amekionyesha vizuri kwa sababu alikuwa akichungulia."

"Atanidhuru?"

"Atakuzoea. Ukizoewa na majini huhitaji tena binadamu, na binadamu nao wanaacha kukuhitaji. Nimeona nyumba za namna hiyo. Unabisha hodi wiki nzima." Akashika goti, akainuka. "Sasa, mgeni hafukuzwi na jirani. Anafukuzwa na mwenye nyumba, kwa mdomo wake. Mimi nitasoma, wewe utasema."

"Nikishasema, harudi?"

"Asipokaribishwa harudi. Hawa wana adabu kutuzidi."

Bi Hajira alichoma mbegu za harmali, zile za kufukuzia majini, kwenye kikaango, moshi ukapita kila chumba, akaketi akasoma, sauti yake nene ikijaza sebule. Rubab aliwasha meza. Mgeni alikuwa ubavuni kwake. Dadu zikaanza kujirusha zenyewe, zinatua, zinajirusha tena, upesi upesi, kama mtu anayebembeleza na hana lugha, na harufu ya khas ikashindana na moshi, na bega la kulia la Rubab likahisi baridi ya mtu aliyelisogelea sana asiguse, na Bi Hajira akapandisha sauti bila kufumbua macho, akimpungia mkono, sema, sema wewe.

"Mgeni," Rubab alisema, sauti ikamkatikia, akaanza upya. "Mgeni, toka nyumbani kwangu."

Akaifuta kete. Dadu zikatulia. Kandambili ziliondoka kwa kusitasita kupitia koridoni mpaka barazani, na mlango wa nje ukafungwa polepole, bila kishindo. Kwenye ramani ukungu ukarudi, chumba baada ya chumba, ukakifunika kitanda. Rubab aliinamia meza akalia kwa kwikwi. Bi Hajira alimpigapiga mgongoni akidhani ni hofu iliyokuwa inamtoka.

Jumapili ile wenzake walikuja wote. Shahwar alimpakata mtoto mbele ya kamera, Asfand alimwita Rubab mganga mkuu wa Multan, wakacheza mpaka saa ya chakula cha mchana. Iliyofuata, Asfand aliondoka mapema. Iliyofuata, Shahwar hakuja. Sisemi walikuwa wabaya. Walimpenda, tena sana, ila maisha yao yalikuwa kule waliko, na yake yalikuwa ni wao.

Ikafika Jumapili ambayo Rubab aliosha vikombe, akatandaza ramani mpya aliyoichora wiki nzima, kisima chake, bustani yake, akaketi. Ujumbe wa Shahwar uliingia kwanza: mtoto ana homa, samahani mpenzi. Kisha wa Asfand: nimepewa zamu kazini, wiki ijayo bila kukosa. Aliwajibu wote wawili kwa maneno mazuri. Akangoja hata hivyo. Aliwatazama mashujaa wao wamesimama kisimani bila kusogea, mpaka adhana ya adhuhuri ikamalizika, na upweke ukamkaba kiasi kwamba alisikia mwenyewe mlio uliomtoka kooni.

Akazima kompyuta. Hakuihitaji. Akatembea koridoni mpaka mlango wa chumba cha baba, akajiweka sawa mtandio kichwani kama tunavyofanya mtu akifika, akasema kwa upole, maneno yote, asije akabakisha hata moja:

"Karibu. Ingia, keti, hapa ni kwako."

Nyumba ilikaa kimya. Alisubiri ameuweka mkono kifuani, akimwomba Mungu, ndiyo, Mungu huyo huyo, asimwachie kimya kile. Kisha kitasa kikazunguka kutoka ndani, polepole, kama anayechelea kumshtua, na Rubab akalia kwa furaha.