Mvumo Kwenye Hedifoni

Haya alinihadithia wifi yangu Nyamizi masika yaliyopita, tukimenya karanga, na mkono wake wa kushoto mpaka leo haufungi ngumi.

Enzi hizo aliishi Tabora, kwenye majumba marefu yenye kuta-bubu. Kuta hizo zina nyuzi ndogo ndogo zinazomeza sauti. Vunja chupa, bamiza sufuria, piga yowe. Jirani hapati hata mnong'ono. Watu walizipenda mno. Lakini gitaa humo ndani lilikuwa kama linapigwa ndani ya gunia la pamba, ndiyo maana Nyamizi alivaa hedifoni na kutumia kiigaji, kikasha cha betri cha kuning'iniza kiunoni, kinachoiga spika yoyote kubwa unayoitaka.

Shida ilikuwa mvumo. Mmmmm, kama nyuki mzingani, unakuja, unakatika. Na bendi ilitaka wimbo wake jioni ile ile. Ukichafuka, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Akampigia simu kaka yake Maganga, huyu babu yenu, fundi wa vyombo vya muziki.

"Badilisha waya."

"Nimebadilisha."

"Zima taa. Chomoa chaja."

"Niko gizani kama popo, kaka. Bado unavuma."

"Si nilikuwekea lango?"

Lango ni kitufe cha kiigaji. Sauti ndogo ikija peke yake, linaifungia nje. Nyamizi alikuwa amelifunga tangu mwezi mtukufu, mvumo ukanyamaza. Siku hiyo ulikuja mkali mpaka ukapita.

"Basi hautoki kwenye vyombo vyako," Maganga akasema. "Koili ya gitaa inanasa hata umeme wa nje. Geuka taratibu. Utakakovuma zaidi, ndiko unakotoka."

Akageuka. Dirishani, kimya. Mlangoni, ukavuma. Akatoka koridoni, gitaa kifuani, simu mfukoni. Mbele ya mlango wa Lyoba, mlinzi wa maghala, mvumo ukamchoma masikio. Ukakatika. Ukaja tena. Ulikwenda kama mkono wa mtu: unapiga, unapumzika, unapiga.

Akabonyeza kengele. Lyoba akafungua, jasho linamtiririka, mkononi ana kirungu cha umeme cha kazini.

Nyuma yake mkewe, Mwasi, alikuwa sakafuni, mdomo wazi. Hedifoni zilikuwa zimeziba masikio ya Nyamizi. Hakusikia yowe, alisikia umeme tu. Akazivuta shingoni.

"Wewe mpiga zeze, umepotea?"

"Mwache!"

Kirungu kikamshukia mkono wa kushoto. Vidole vikakakamaa kama mizizi. Akalikamata gitaa shingo kwa mkono wa kulia, akampiga nalo taya. Mbao ikapasuka, na taya nalo. Lyoba akaenda chini akitema meno. Alipojaribu kuinuka akampiga tena, puani, damu ikarukia nyuzi.

Kirungu kikabingirika. Mwasi akakiokota, akakikandamiza shingoni mwa mumewe. Kutoka kwenye hedifoni mvumo ukaanza tena, mrefu, haukatiki.

"Dada, basi! Atakufa!"

"Na afe! Mimi nimekufa mara ngapi humu?"

Nyamizi akamng'ang'ania mpaka kidole kikaachia. Lyoba alikuwa bado anakoroma damu. Maganga, aliyesikia yote kwenye simu, akaita askari-mashine, wakamchukua. Mashine hizo huja zikisikia kelele. Ghorofa ile zilikuwa hazijawahi kuipanda.

Wimbo haukwenda. Nyamizi akamkoroga uji Mwasi chumbani kwake.

"Nilisikika vipi humo kwenye hedifoni?" Mwasi akauliza.

"Kama nyuki."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi mtukufu. Nilidhani ni ubovu, dada. Nikaufungia nje."

Mwasi akakishika kikombe bila kunywa. "Nilikuwa nakuona ukipita na gitaa. Nikajiambia, huyu ana masikio, iko siku atasikia."

Nyamizi akainuka kufunga mlango.

"Uache mlango wazi," Mwasi akasema, akajilaza. Korido ikaingia ndani: ndoo, watoto, mtu anamcheka mwenzake. Katikati ya makelele hayo akalala fofofo.

Nyamizi akakaa kizingitini, akisikiliza pumzi za Mwasi moja moja, akiogopa kukosa hata moja, mpaka usingizi ukamchukua pale pale alipokaa.